Ceaușescu alilipa deni lote la Rumania: kwa nini serikali yake ilianguka mwaka uleule?

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)
Jambo kwenu wote. Ninasoma historia hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuna jambo linanisumbua. Tangu utoto tunaambiwa deni la nje ndilo lilimaliza Zaire. Sasa nasoma kwamba Rumania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilidaiwa zaidi ya dola bilioni 10, na Aprili 1989 rais wake mkomunisti, Nicolae Ceaușescu, akatangaza deni limekwisha. Desemba ileile yeye na mkewe Elena wakapigwa risasi. Nchi isiyodaiwa inaangukaje hivyo? Wazee mlioishi wakati ule, nisaidieni.

Papa Kamalondo
Mwanangu, uliza kwanza deni lililipwa na nani. Nimefanya kazi kwenye mgodi wa shaba, najua mfanyakazi anahesabu nini mwisho wa mwezi. Hahesabu deni la Leta, yaani serikali, anahesabu mposho: unga umebaki kiasi gani nyumbani.

Kule chakula kiliuzwa nje ili dola zipatikane. Mkate, mafuta na sukari vikawa vya kadi. Kipindi cha baridi kali, joto la majumba ya ghorofa likapunguzwa, umeme ukakatwa, televisheni ikabaki saa mbili kwa siku, nazo za kumsifu mkubwa. Wakati huohuo Bucharest mitaa ya zamani ilibomolewa ili lijengwe jumba kubwa mno, kazi iliyoanza 1984. Yaani fedha ya mkate hakuna, ya marmari ipo.

Soma habari za mji wa Brașov, 15 Novemba 1987. Ilikuwa siku ya uchaguzi. Wafanyakazi wa kiwanda cha malori, waliokatwa mshahara, walitoka zamu wakaandamana hadi mjini. Wakaingia kwenye jengo la chama, wakakuta vyakula vimeandaliwa kwa sherehe, vitu ambavyo dukani havionekani. Picha za mkubwa zikatupwa nje na kuchomwa. Hao si mabepari! Ni wafanyakazi, wale ambao chama kilidai kutawala kwa jina lao. Kwangu mimi serikali ile ilikwisha siku hiyo. Iliyobaki ilikuwa Securitate tu, polisi wa siri.

Dada wa Kadutu (Bukavu)
Papa, kwa heshima yote, mbona humtaji Gorbachev, kiongozi wa Sovieti? Vifaru vya Moscow viliingia Hungaria 1956 na Prague 1968. Mwaka 1989 havikutoka. Novemba 9 ukuta wa Berlin ukafunguka, na Warumania walikuwa wakisikiliza redio za nje. Bila hayo, hata maasi ya Disemba yangezimwa kama Brașov ilivyozimwa.

Papa Kamalondo
Kuhusu redio nakubali, dada. Vifaru sikubali. Askari wa Kisovieti waliondoka Rumania tangu 1958, na huyohuyo Ceaușescu alikataa kupeleka watu wake Prague. Aliyemshikilia ni jeshi lake mwenyewe. Tarehe 16 Disemba, katika mji wa Timișoara, watu walizunguka nyumba ya mchungaji László Tőkés ili asifukuzwe. Kesho yake risasi. Tarehe 21 akaita umati Bucharest, akaahidi kuongeza lei 200 (fedha ya kule) kwenye mshahara wa chini, wakamzomea huku televisheni inaonyesha moja kwa moja. Lei 200, baada ya miaka yote ile ya njaa! Kesho yake asubuhi waziri wa ulinzi Vasile Milea akafa, jeshi likageuka, naye akaondoka kwa helikopta. Tarehe 25 yeye na mkewe wakahukumiwa na kuuawa katika mji wa Târgoviște. Waliokufa katika siku hizo wanapita 1000.

Na aliyechukua nchi, Ion Iliescu, alishakuwa mtu wa Kamati Kuu ya chama hichohicho. Usiandike kwamba wote waliondoka.

Mwana wa Katuba
Aksanti Papa, aksanti dada. Na Mobutu, rais wetu wa Zaire? Nasikia walikuwa marafiki.

Papa Kamalondo
Walikuwa marafiki kweli. MPR, chama cha Mobutu, haikuwa ya kikomunisti, lakini ilikuwa na Kamati Kuu yake na Ofisi ya Siasa, na sisi tulichezeshwa na kuimbishwa sifa. Habari za Târgoviște zilitufikia kwa redio siku za Noeli, na kila mtu hapa Kamalondo alimfikiria mtu mmoja bila kumtaja jina. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Mwezi uliofuata wanafunzi wakashambuliwa usiku kwenye kampasi hiyohiyo unayosomea. Waliokuwepo wengine wangali hai hapa mjini. Watafute sasa, uandike maneno yao kabla ya kuandika ya Rumania.