Uyoga wa utelezi kwenye magogo: nichume upi, mweusi, mweupe au wa njano?

MtuWaMuheza: Wakuu, habari za mchana. Kuna jamaa wa mgahawa wa Kichina Dar anataka uyoga wa magogo, mkavu. Mvua imeshuka, shambani umejaa wa rangi tatu, wote unateleza. Jumamosi kuna gari linateremka mjini. Nichume upi?

Kibarazani: Picha iko wapi mkuu? Magogo ya mti gani? Una vinyweleo au hauna? Unauliza kama mtu anayempigia fundi simu amwambie "gari linalia".

MtuWaMuheza: Kamera ya simu imekufa. Huo mweusi ni kama kahawia hivi.

MamaKilimo: Mweusi basi. Wa njano kama ni vile vijiko vidogo vya Dacryopinax, unalika, ila kujaza hata kikombe ni kazi.

MbebaBox_Leipzig: Taratibu. Huku Ujerumani uyoga mweusi wa aina mbili unachanganya watu kila msimu. Auricularia ndio wa sikio: umeshika gogo kwa sehemu ndogo, ukingo unaning'inia, mgongoni una vinyweleo. Exidia umelala bapa kwenye gamba, umejikunja kama utumbo, vinyweleo hauna, ukikauka unabaki utando. Huko nyumbani tafuta Auricularia cornea, vinyweleo vyake vya kijivu unaviona bila miwani. Ukikuta upande wa chini umefanya wavu, huo ni Auricularia delicata, nao unaliwa.

Kibarazani: Mweupe ndio wenye hela. Tremella fuciformis, Wachina wanaupikia supu ya sukari.

MbebaBox_Leipzig: Gunia hujazi. Ule unaishi kwa kunyonya kuvu mwingine, Annulohypoxylon, unaofanya ukoko mweusi kwenye gogo. Wakulima China hupandikiza vyote viwili pamoja.

MzeeKorosho: Mimi biashara hii ilinikausha. Niliwanunulia vijana wa kijijini gunia zima, limekauka vizuri, linalia kama majani makavu. Mnunuzi mjini hata bei hakutaja. Akachota konzi moja, akatia kwenye bakuli la maji, akanikaribisha chai. Chai haijaisha, nusu imefunguka masikio safi, nusu imekuwa ute mweusi na vipande vya magome vinaelea. Akanirudishia gunia lote, nauli juu yangu. Vijana nao wakasema hela imeshaliwa.

MamaKilimo: Pole baba. Na mwambie mteja asiuloweke usiku kucha kwenye joto. Bakteria Burkholderia gladioli wakiingia wanatoa sumu, asidi ya bongkreki, na kuchemsha hakuiondoi. China imeshaua watu. Ndiyo hiyohiyo iliyokutwa kwenye pombe ya Chitima, Msumbiji, Januari 2015, wakafa 75.

MzeeKorosho: Ile si ilikuwa nyongo ya mamba?

MamaKilimo: Hayo yalisemwa mwanzoni. Maabara ilikuta bongkreki, chanzo unga wa mahindi ulioharibika.

MzeeKorosho: Maabara haijakaa mtoni. Kwetu mamba akiuawa, nyongo inazikwa watu wanashuhudia.

MtuWaMuheza: Nimetoka kuangalia. Uyoga wa gogo la mkorosho una vinyweleo upande mmoja, wa mwembe sioni kitu.

Kibarazani: Mzee, na mkiizika mbwa akaifukua?

MzeeKorosho: Ndiyo maana wanashuhudia.