Majirani wa Maktaba, Migosi

Mama Achieng' (Katibu), 1:12 usiku: Habari za jioni, majirani. Watoto wa Kidato cha Nne wamelalamika tena kwamba kompyuta za maktaba hukwama kila jioni. Nimeikagua mwenyewe seva ya proksi, ile inayopitisha intaneti ya kompyuta zote: laini ya intaneti ni nzima, kinacholemewa ni diski ya kache, inayotunza nakala za vilivyokwisha kupakuliwa. Naomba tuafikiane leo kuhusu kazi ya Jumamosi.

Mama Achieng', 1:40: Naona ujumbe umesomwa na wengi. Naomba majibu.

Baba Wafula, 1:52: Tununue diski kubwa zaidi.

Mama Achieng', 1:58: Hapana, Baba Wafula, ukubwa ndio uliotuponza. Tuliitengea kache gigabaiti 400, ilhali Squid, programu inayoendesha proksi yetu, huweka kwenye memori faharasa ya kila kilichohifadhiwa, nayo huhitaji takriban megabaiti 14 kwa kila gigabaiti moja ya diski. Kache ikijaa, hiyo ni zaidi ya gigabaiti 5, na seva yetu ina memori ya gigabaiti 4 tu. Kinachokosa nafasi huhamishiwa diskini, na diski ileile inayongojewa na watoto inafanya kazi mbili. Napendekeza tushuke hadi gigabaiti 60. Vilevile tuache njia ya kuhifadhi iitwayo ufs, ambayo huisimamisha Squid nzima hadi faili isomwe, tutumie aufs, ambayo hukabidhi usomaji kwa nyuzi za pembeni zinazofanya kazi sambamba. Faili ndogo zinaisumbua diski kama mtu anayeokota omena mmoja mmoja kutoka kwenye karai.

Ochi, 2:03: Mama Achieng', umetaja omena nami sijala. Aliyetoka ufuoni Dunga leo ajitokeze.

Nyanya Atieno, 2:05: Ninao wa kukaanga, mjukuu wangu. Njoo na sahani.

Mama Achieng', 2:06: Tafadhali, turudi kwenye diski.

Mwalimu, 2:31: Kurasa nyingi siku hizi zimesimbwa (https), hazisomeki njiani. Kache itahifadhi nini?

Mama Achieng', 2:35: Ni kweli, Mwalimu, hizo hupita bila kuhifadhiwa. Faida yetu ni masasisho ya Ubuntu, mfumo wa kompyuta zetu, ambayo bado hupitia njia isiyosimbwa: kompyuta moja ikipakua, nyingine saba zichukue hapa hapa. Lakini Squid isipoelekezwa haihifadhi faili inayozidi megabaiti 4, na vifurushi vingi vinavyotuumiza ni vikubwa kuliko hapo. Kiwango hicho tukipandishe, na mstari wake kwenye faili ya mipangilio uandikwe juu ya ule wa kache ili uzingatiwe.

Baba Wafula, 2:44: Hesabu ya memori mbona hatukuisikia tulipochanga mwaka jana? Niliuliza, nikaambiwa ninakwamisha maendeleo.

Mama Achieng', 2:46: Jambo lile tulilimaliza.

Baba Wafula, 2:47: Mlilimaliza ninyi.

Jaduong' (Mlezi), 3:20: Wanangu, Wafula aliuliza, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Lilikuwa kosa langu. Isichangwe hata shilingi moja kabla hesabu ya michango ya mwaka jana haijasomwa mbele ya wote. Kupunguza kache hakuhitaji mchango, kufanyike.

Mama Achieng', 3:29: Nimesikia, Jaduong'. Hesabu nitaileta. Basi tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi. Nani ana ufunguo wa chumba cha seva?

Mama Achieng', 4:15: Ufunguo, majirani?

Ochi, 5:07: Mara ya mwisho niliuona kwa Baba Wafula.