Bibi kwenye filamu lazima awe mchawi?

MamaMbagala: Habari zenu wadau. Nina miaka 58. Zamani kwenye kibanda cha video tuliangalia za Kinigeria. Patience Ozokwor, yule Mama G, akitokea tu na kilemba chake, watu wanaguna: mama mkwe kaja, nyumba haikaliki! (Na wala hakuwa amefika miaka 50.) Tulimpenda, ila mwanamke wa makamo alikuwa ama mchawi ama mgonjwa kitandani. Juzi binti yangu kanionyesha Everything Everywhere All at Once. Mama ana biashara ya udobi, watu wa kodi wanamsumbua, mume anataka talaka, halafu anapigana kuokoa ulimwengu! Nilikaa wima. Mambo yamebadilika kweli, au nimebahatisha?

KijanaWaSinema: Shikamoo mama. Hiyo ilimpa Michelle Yeoh, aliyeigiza huyo mama, tuzo ya Oscar mwaka 2023, akiwa na miaka 60. Tafuta na Minari. Bibi wa Kikorea anacheza karata na kutukana, mpaka mjukuu anamwambia hafanani na bibi. Youn Yuh-jung, aliyeigiza huyo bibi, naye alishinda Oscar akiwa na miaka 73.

Mzee_wa_Ungo: Hao wa nje. Huku bibi akitoka mlangoni tu, mimi naanza kutafuta ungo uko wapi.

MamaMbagala: Marahaba mwanangu. Huyo wa karata namtaka leo leo. Marehemu mama yangu aliwafunga wazee bao barazani, wakanuna wiki nzima. Sijaona bado filamu ya mama kama yeye.