Tupeane uzoefu: kashata na vitafunio vya kujitengenezea kwa safari za mlimani

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu vitafunio tunavyojitengenezea nyumbani kwa safari za mlimani. Nianze mimi. Nilipopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nilibeba kashata za karanga kama anavyozipika mama, za sukari iliyoungua hadi ikawa ya kahawia. Pale kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, zilitafunika vizuri. Lakini usiku wa kuelekea kileleni, tulipopumzika juu ya kambi ya Kibo, nilitoa kipande mfukoni nikakikuta kigumu kama kokoto, nikabaki kukimumunya huku meno yakiuma kwa baridi. Tangu hapo siachi sukari iive mno: tone la shira likidondoshwa kwenye maji baridi na kuwa gololi laini inayobonyea, namimina karanga na kuepua papo hapo. Tone likishafikia kukatika kwa mlio, kashata hizo ni za kula nyumbani.

Mchangiaji wa Tanga: Ahsante kwa mada. Sisi hutembea Usambara, kutoka Lushoto hadi Mtae, ambako taabu yetu ni jasho na mvua kuliko baridi. Nakaanga vikombe 2 vya oti bila mafuta hadi vinukie, kisha nachanganya na kikombe cha tende zilizotolewa kokwa na kupondwa, nusu kikombe cha siagi ya karanga, vijiko 3 vya asali, ufuta na chumvi. Chumvi msiidharau, kwa kuwa mwili unaipoteza kwa jasho. Nagandamiza yote kwenye sinia kwa kitako cha glasi, kwa nguvu hasa, maana yasiposhikana yatakuwa makombo kabla ya mlima wa kwanza, na sikati mpaka yalale usiku kucha. Kila kipande nakifunga kwa karatasi ya kuokea.

Mchangiaji wa Moshi: Mimi ni mwongoza watalii. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hamu ya kula inavyopotea, kwa hiyo kateni vipande vya tonge moja, mtie tangawizi, na usiku wa kileleni mviweke ndani ya koti, karibu na mwili. Mgeni aliyekataa uji Kibo nimemwona akipokea kipande cha namna hiyo kila tuliposimama, na karatasi tukarudi nazo chini.