Vijia vya Menengai vifungiwe baiskeli msimu wa mvua?

MTEREMKO (mleta hoja):
Wadau, naleta hoja hii kabla mvua ya masika haijashika. Napendekeza kwamba kuanzia Machi hadi Mei, na tena Agosti, baiskeli zisiingie kwenye vijia vyembamba vya Msitu wa Menengai. Zibaki kwenye barabara pana za changarawe. Wanaotembea kwa miguu waendelee kama kawaida.

Ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano la Menengai, unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari na mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi. Maji ya upande huu wa kusini hayana pengine pa kwenda ila mitaani, na hatimaye ziwani. Udongo wenyewe ni majivu ya volkano, mwepesi, punje hazishikani. Ukikatwa mchirizi wa vidole viwili, mvua chache kubwa zinaugeuza mtaro. Mguu unaacha kishimo, na kishimo kinatuamisha maji. Taya ya baiskeli, yaani tairi, inaacha mstari usiokatika kutoka juu hadi chini, na mstari kama huo ni mfereji uliokwisha kuchorwa. Waendeshaji wakianza kuukwepa wanafungua wa pili pembeni, halafu wa tatu, na kijia cha nusu mita kinakuwa uwanja.

FUNDI SPOKU:
Napinga. Taya inayozunguka inabana udongo, taya iliyofungwa na breki ndiyo inayochimba. Kwa hiyo tunachopaswa kukataza ni kuburuza gurudumu la nyuma. Kuna utafiti wa Montana, Marekani, uliochapishwa 1994, uliolinganisha farasi, watembea kwa miguu, pikipiki na baiskeli kwenye njia zilizoloweshwa. Farasi na watu ndio waliolegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Sasa mbona miguu iachwe na baiskeli ifungiwe?

Kuburuza kuna sababu zinazojulikana na zote zinatibika. Ya kwanza ni upepo mwingi. Mtu wa kilo 70 kwenye taya za milimita 42 zisizo na tyubu anatosheka na PSI (kipimo cha upepo) 27 mbele na 30 nyuma. Wengi wanajaza 50 kwa kuogopa pancha, taya inakuwa ngumu, inarukaruka, na ikirudi chini breki imeshaikamata. Mwenye tyubu asishuke chini ya 35, la sivyo kwenye jiwe rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.

Ya pili ni gia. Kupanda mteremko wa asilimia 15 na gia ya barabarani unalazimika kusimama juu ya pedeli. Uzito unahama kwenda mbele, gurudumu la nyuma linazungukia hapo hapo na kutifua vumbi. Meno 40 mbele na 42 nyuma yanakuwezesha kukaa kitini, kifua chini, ukanyage taratibu.

Ya tatu ni breki zenyewe. Majivu yakilowa yanasaga pedi kama msasa. Pedi laini za rezini zinaweza kuisha kwa siku moja ya matope. Zikibaki milimita moja, badilisha. Za chuma zinadumu zaidi na zinapiga kelele, ila soma kwanza maandishi ya diski, kwa sababu nyingine hazikutengenezwa kuzihimili. Na mtu anayeshuka akiwa amekamata breki bila kuachia anazichemsha zote mbili, nguvu inapungua, anabana zaidi, gurudumu linafunga. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona.

JIRANI WA MSITU:
Bwana fundi, utafiti huo umeushika kwa sababu unakufaa. Ulipima udongo unaolegezwa. Mtaro unaokusanya maji ya mlima mzima na kuyateremsha ni jambo jingine, na Montana si majivu ya Menengai.

Halafu mnazungumza kana kwamba msitu ni wa taya na udongo tu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jumuiya za misitu nafasi ya kuokota kuni na kulisha mifugo kwa makubaliano na KFS, Huduma ya Misitu Kenya. Burudani nayo imo, sikatai, lakini mwenye kuni hayuko pale kwa burudani. Mtazameni mama anayeshuka na mzigo. Ukanda umepita kichwani, shingo imekazana, macho yako futi tatu mbele ya miguu. Hawezi kugeuka. Kuni zimetokeza kulia na kushoto kuliko upana wa kijia, kwa hiyo hata akisogea kando, ncha inabaki njiani kwenye kimo cha kifua cha mwendesha baiskeli. Akishtuka na kukanyaga upande wa bonde, mzigo unamvuta.

Kengele peke yake haisaidii, inamshtua tu. Anayeshuka na baiskeli apunguze mwendo mita 30 kabla, aseme "hodi mama, niko nyuma," ateremke, asimame upande wa bonde na baiskeli iwe upande wake wa nje, amwache apite ukutani mwa kilima au yeye ndiye ampite kwa kutembea. Mvua au kiangazi, hiyo haibadiliki. Kama hamliwezi hilo, mimi naunga mkono kufunga mwaka mzima.

LELESHWA:
Jirani wa Msitu, nakuunga mkono kuhusu kuteremka kwenye baiskeli. Lakini hoja yenyewe imekosea mwezi.

Majivu hayafanani na udongo mwekundu wa mfinyanzi wa kule Kakamega, ambao ukilowa unateleza siku kadhaa. Majivu yananyonya maji upesi. Mvua ya alasiri ikiisha, kijia chenye kivuli kidogo kinaweza kuwa kimeshikana vizuri kesho yake mchana, kikiwa na unyevu kidogo tu. Hapo ndipo udongo huu unapovumilia gurudumu kuliko wakati wowote.

Ubaya uko Januari na Februari. Majivu yakikauka kabisa yanakuwa kama unga wa ngano. Kila taya, kwato na kiatu vinayasaga, vumbi la kuzamisha rimu linajaa kwenye kona, na hakuna aliyekataza kitu kwa sababu anga ni buluu. Kisha Machi mvua ya kwanza inalikuta lote limelegea linasubiri kubebwa. Mkifunga Aprili mtakuwa mnalinda njia ambayo udongo wake umeshafika mjini.

Kipimo kiwe udongo wenyewe. Chota konzi moja, ifinye. Ikimwagika kati ya vidole kama unga, usiingie kwenye mteremko mkali. Ikitoa maji au kupakaa kiganja chote, rudi. Ikishikana na kupasuka ukiigusa, panda. Na popote taya inapoacha alama ya kina cha zaidi ya sentimita mbili, geuza.

MTEREMKO:
Leleshwa, hilo la Februari nalikubali, na linaharibu kalenda yangu. Ila kanuni ya konzi ya udongo ataisimamia nani? Mtu ametoka Nairobi na baiskeli ya laki tatu juu ya gari, umwambie afinye udongo kisha arudi nyumbani? Kalenda ina ubaya wake lakini askari wa msitu anaweza kuisoma.

NJIA YA MAJI:
Mnabishania gurudumu, na maji ndiyo yanayochimba. Kijia kinachoshuka moja kwa moja kitakuwa korongo hata kikipitwa na sungura.

Kanuni inayotumika na wajenzi wa njia ni rahisi. Mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima kinachokatwa, na kwa wastani usipite asilimia 10. Kilima kikishuka mita 20 kwa kila mita 100, kijia kisizidi 10. Kupima, chukua pimamaji ya mwashi ya urefu wa mita moja. Ncha moja iguse njia, inua ya pili mpaka povu likae katikati, pima nafasi iliyobaki chini yake. Sentimita 12 ni asilimia 12.

Palipozidi, hamisha kijia kikate kilima kwa mshazari. Pasipohamishika, chimba bonde dogo la kumwaga maji kila mita 15 hadi 20. Si mtaro mwembamba, huo unajaa mchanga kwa mvua moja na kumwangusha mtu. Liwe pana, mita tatu au nne, njia ishuke kisha ipande kidogo, na mdomo wake uelekee kwenye nyasi nene. Usiuelekeze shambani kwa mtu. Ukingo wa nje wa kijia uinamie bondeni kidogo, sentimita tano kwa kila mita ya upana.

FUNDI SPOKU:
Hapo sasa tunaelewana. Na pikipiki je? Moja yenye gunia la makaa inabeba uzito wa baiskeli kumi na injini inayozungusha gurudumu hapo hapo.

JIRANI WA MSITU:
Pikipiki ya makaa ni kosa la kushughulikiwa na polisi, usijifiche nyuma yake.

Na ewe Njia ya Maji, maneno ni mazuri, lakini jembe litashikwa na nani? Wanaochimba wasije wakawa ni wanajumuiya wasio na baiskeli hata moja.

MTEREMKO:
Basi narekebisha hoja. Miezi iondoke. Kila kipande kinachozidi asilimia 10 kifungwe kwa baiskeli zinazoshuka mpaka mabonde ya maji yachimbwe, na wachimbaji wawe wale wanaotaka kukipita. Kupanda kuruhusiwe, kwa kuwa anayepanda haendi kasi na hamshtui mtu.

LELESHWA:
Kupanda kuruhusiwe Februari kwenye vumbi? Fundi ameshaeleza hapo juu gurudumu la nyuma linavyotifua. Hicho kifungu sikikubali.