Briji tulivu, kupandisha ufunguo, au chemko?

Mtunzi, Igogo
Wakuu, habari za jioni. Nina wimbo wa mapenzi, mapigo 100 kwa dakika. Jamaa kabaki bandarini Mwanza, mpenzi wake kapanda meli ya Bukoba. Baada ya kiitikio cha pili wimbo unapooza. Nimebaki na njia tatu: briji (kipande cha kati chenye sura tofauti, kabla ya kiitikio cha mwisho) isiyo na ngoma wala besi, kupandisha ufunguo, yaani sauti zote zipande juu, kiitikio cha mwisho, au niingize chemko la magitaa, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu. Ipi inafaa?

Mpiga kinanda, Nyegezi
Briji. Ila kasi usiiguse, wachezaji watapoteza hatua. Kama unabakiza ngoma kidogo, snea (ile ngoma ya mlio mkali) ilie mara moja kila baa, yaani kila mapigo manne, kwenye pigo la tatu, badala ya la pili na la nne. Msikilizaji atahisi mwendo umekatika nusu, na bado ni 100 ileile. Kordi (noti zinazopigwa pamoja) nazo: kiitikio kikiwa kimekaa kwenye C, briji ianzie A maina au F, uikwepe C kabisa, umalizie G. Hiyo G ndiyo inamfanya mtu akililie kiitikio. Baa 8 zinatosha, kama sekunde 19 hivi.

Mwanakwaya, Bugando
Na maneno je? Briji ikirudia "usiniache" ileile, hata mtoe vyombo vyote hakuna jipya. Mpe nafasi aliyeko melini! Aseme anaona taa za mji zikipungua, na kwamba naye hakupenda kuondoka. Kiitikio kikirudi, maneno ni yaleyale lakini sasa tunawalilia wote wawili. Kupandisha ufunguo ni kuzuri, kwaya tukipanda nusu toni ubeti wa mwisho kanisa zima linasimama. Ila hiyo ni shangwe, kaka yangu. Huyu ana majonzi.

Mpenzi wa dansi, Kirumba
Mimi ni mtu wa chemko, damu yangu iko huko. Hadithi ikiisha, gitaa la solo linaingia, viti vinabaki vitupu. Lakini chemko halikurudishi kwenye kiitikio, linakwenda nalo moja kwa moja. Wimbo huu unahitaji kurudi. Namuunga mkono dada wa Bugando.

Mtunzi, Igogo
Nimeshawishika, natafuta sauti ya kike. Ngoma zirudi kidogokidogo mwishoni mwa briji?

Mpiga kinanda, Nyegezi
Hapana. Baa ya nane mwachie huyo mwimbaji wa kike peke yake, halafu vyombo vyote viingie pamoja pigo la kwanza la kiitikio.