Kibodi ya laptop: Uingereza, Ujerumani au Ufaransa?

Mwandishi wa Usiku
Wakuu, nimepata laptop tatu zilizotumika, zinalingana kila kitu isipokuwa kibodi: ya Uingereza, ya Ujerumani na ya Ufaransa. Nimezoea ya Marekani na naandika Kiswahili kutwa. Ipi haitanisumbua?

Fundi Kimya
Chukua ya Uingereza, herufi zote ziko palepale. Enter yake imesimama, imekula safu mbili. Shift ya kushoto ni fupi, kuna kitufe cha ziada kati yake na Z, na kidole kidogo kitakuwa kinaangukia hapo mpaka uzoee. @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali, na alama nyingine chache kama # zimehama. Basi.

binti_koda
Ya Ujerumani nimeitumia miaka miwili. Y na Z zimebadilishana, na kwetu hilo ni zito kwa sababu ya ngeli. Niliandika "nimepokea ripoti yake", ikatoka "ripoti zake". Neno ni sahihi, kikagua tahajia hakikulia, na bosi akajibu akiuliza nyingine ziko wapi. Makosa ya "kayi" unayaona mara moja. Haya ya yangu na zangu yanapita kimyakimya.

Mzee wa Vitufe
Ya Ufaransa imehamisha A na Q, Z na W, halafu M iko kulia kwa L. Andika "mama" kwa mazoea yako upate ",q,q". Tarakimu zote mpaka ushike Shift, hata nukta! Ila ritifaa ya ng'ombe iko kwenye kitufe cha 4, hakuna Shift. Ya Ujerumani inaitaka.

Mwandishi wa Usiku
Si naweza kubadilisha mpangilio ndani ya Windows tu?

Fundi Kimya
Unaweza, mkuu. Ongeza mpangilio wa Marekani kwenye mipangilio ya lugha, kisha uhamie kwa Windows na Space. Lakini maandishi ya juu ya vitufe na umbo la Enter havibadiliki. Usichague ule wa Marekani wa kimataifa: ritifaa inangoja herufi inayofuata, ukiandika ng'ombe unapata "ngómbe".

Mwandishi wa Usiku
Nachukua ya Uingereza, naweka mpangilio wa Marekani. Kile kitufe cha ziada kitatoa nini?

binti_koda
\ na, ukishika Shift, |. Kile kilichobanana na Enter nacho kitatoa hizohizo, kwa hiyo # itafute juu ya 3.